Rangi ya Mafuta Kwenye Vumbi la Kajiado

Ukisimamisha kitu chenye miguu mitatu popote kati ya Kitengela na Kajiado, watu watakujia. Huku stendi ya namna hiyo inajulikana kuwa ya mpima ardhi, na mpima ardhi akionekana, basi kuna kipande kinachokatwa, kinachouzwa au kinachogombaniwa. Ndiyo maana swali la kwanza ninaloulizwa nikishafunga kanvasi yangu kwenye stendi ni moja tu: "Wewe ni sorveya?" Anayeuliza huwa amekaza macho, na mara nyingi amekuja kwa haraka, ng'ombe amemwachia mtoto.

Sababu anayo. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake, kila mmoja akabaki na chake. Vipande hivyo vimekatwa tena, na vilivyokatwa vikakatwa, hadi tukafika kwenye ploti za futi 50 kwa 100 zinazotangazwa kwenye mabango kando ya barabara ya Namanga. Nguzo za saruji, bikoni za mipaka, waya wa miba, lango la mabati lililosimama peke yake katikati ya nyasi bila nyumba nyuma yake: hivyo ndivyo uwanda wa Kaputiei unavyoonekana leo. Mchoraji wa mandhari akija huku hana budi kuamua atafanya nini na waya. Nilikwenda kulitafuta jibu la swali hilo kwa brashi, na kwangu ni zito kuliko suala lolote la ufundi.

Nasema hivyo kwa kuwa nazijua picha zinazouzwa Nairobi kwa jina la nchi hii. Mgunga mmoja, jua jekundu, ndovu, Mmaasai ameegemea mkuki. Siwalaumu wanaozichora, kodi ya nyumba haisubiri. Lakini picha hizo angeweza kuzichora mtu ambaye hajawahi kukanyaga Isinya, na aliyezizoea akija Isinya haoni kitu. Anapiga simu kulalamika kwamba hakuna cha kupiga picha.

Matatu ya Kitengela nilipanda alfajiri. Kondakta alitaka kuitupa kanvasi kwenye buti pamoja na magunia ya viazi, nikaipakata. Ukishapita Mlolongo unaingia Athi River, kwenye viwanda vya saruji, ambako majani ya miti ya kando ya barabara yamevaa unga wa kijivu mwaka mzima isipokuwa wiki za mvua. Hapo ndipo serikali ilipoanzisha eneo la viwanda vya kuuza nje miaka ya 1990, na ajira za huko ndizo zilizoufanya mji wa Kitengela ufure kwa kasi tuliyoiona. Kutoka steji nilichukua bodaboda. Kijana aliyenibeba alifunga stendi ubavuni kwa mpira, sanduku la rangi akaliweka juu ya tangi, tukaiacha lami.

Hilo sanduku linahitaji maelezo. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Haikauki kwa kupoteza maji. Inaganda kwa kuvuta oksijeni hewani, polepole, siku kadhaa. Wachoraji wengi wa Kenya wanatumia akriliki, na wana haki: ni nafuu, inapatikana, na imekauka kabla ya chakula cha mchana. Mimi nang'ang'ana na mafuta kwa sababu ya upeo wa macho wa huku. Kwenye uwanda wa Kaputiei anga na ardhi havikutani kwa mstari. Kuna ukanda mwembamba ambamo kimoja kinayeyukia katika kingine, na ukanda huo hauchoreki ila kwa kurudi na brashi kavu saa nzima baadaye na kuisukuma rangi moja ndani ya nyingine. Akriliki kufikia hapo imeshakuwa ngumu.

Tena uchoraji wa nje kwa mafuta si desturi ya kale sana kama wengi wanavyodhani. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wakihifadhi rangi katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka na kukausha rangi, kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika chumbani. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, aliisajili tyubu ya bati inayokamuliwa na kufungwa kwa kifuniko. Ndipo Monet na wenzake wa Ufaransa wakaweza kutoka na rangi zao kwenda mtoni na mashambani. Kila ninapokamua tyubu juu ya ubao wangu huku vumbi likipita namkumbuka Rand kwa shukrani.

Mahali nilipoanzia ni kusini mwa Mto Mbagathi, upande ambao Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoundwa mwaka 1946, haina ua. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 117 tu, na haikukusudiwa kuwatosha wanyama mwaka mzima. Mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia walivuka mto na kutawanyika Kaputiei, kiangazi wakarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Siku hizi ukiona kundi dogo unasimamisha pikipiki. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Wapo waliousifu na ng'ombe wao wakafaidi malisho yaliyobaki wazi, lakini ziweke dola 4 kando ya bei ya ploti moja na utaelewa kwa nini waya unashinda.

Yony Waite, mmoja wa wale watatu walioanzisha Gallery Watatu jijini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliishi miaka mingi kwenye uwanda wa Athi akiwachora nyumbu. Ukitaka kuelewa jinsi uwanda huu ulivyokuwa umejaa nyumbu, tazama kazi zake.

Kanvasi nilikuwa nimeshaitandika rangi nyumbani, ngeu iliyoyeyushwa kwa tapentaini, nyembamba kiasi cha kuonyesha nyuzi za kitambaa. Nje, kanvasi nyeupe inaumiza macho na inadanganya, kwani kila rangi unayoiweka juu yake inaonekana nyeusi kuliko ilivyo. Ngeu inatuliza. Na pale brashi isipofika, wekundu huo unachungulia kati ya nyasi, kama ardhi yenyewe inavyofanya.

Kilimanjaro ulikuwepo kusini. Asubuhi safi unauona kutoka Kitengela, kofia tu, imeelea bila mlima chini yake, na jua likipanda kidogo haupo. Nilikataa kuuchora. Umeshachorwa vya kutosha, na mtu aliyenifundisha zaidi kuhusu mlima huo alikuwa upande wa pili. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusoma Makerere chini ya Margaret Trowell, alichora miteremko ya kwao ikiwa na watu kila mahali: wanalima, wanabeba, wanakwenda harusini. Picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilichukuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Kwa Ntiro ardhi isiyo na shughuli za watu haikuwa mandhari. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani wengi wetu tuliokuja baada yake tumeirudisha ardhi kuwa tupu ili tumpendeze mtalii.

Nyasi za kiangazi huku watu huziita za manjano. Ukikamua manjano na kuipaka hivyo hivyo, utaona mara moja haipo popote mbele yako. Nilianza na nyeupe nyingi, nikatia udongo wa manjano kidogo, kisha zambarau chembe tu ili kuua ukali. Rangi ilipokaribia ile ya nyasi nikaongeza ngeu upande ulioshikwa na jua la chini. Kwenye migunga nilifanya kinyume cha mazoea: sikugusa kijani chochote cha tyubu. Nyeusi ya mkaa wa mifupa ikichanganywa na manjano inatoa kijani kizito, chenye kutu, na hicho ndicho kijani cha Kajiado miezi tisa ya mwaka. Kijani cha tyubu kinafaa Limuru.

Kando ya stendi palikuwa na migunga ile mifupi ya udongo mweusi, yenye vinundu kwenye shina la kila mwiba. Niliinama kuitazama moja kwa muda mrefu kabla sijaiweka kwenye picha. Kinundu kikiwa kichanga ni laini, chekundu kama zambarau. Kikikomaa kinakuwa cheusi na kigumu, na kina tundu moja au mawili, mviringo safi, ambamo sisimizi wanaingia na kutoka. Ukigusa tawi tu wanatoka wote. Upepo ukipita kwenye matundu hayo mti unapiga mluzi mwembamba, na kwa kuwa upepo hauachi, mluzi nao haukomi. Kwenye kanvasi mti huo wote ulikuwa mapigo matano au sita ya brashi. Lakini mkono unajua kama jicho limekitazama kitu au limekipita.

Kuna jambo la mbali na karibu ambalo vitabu vya uchoraji hulieleza kwa uhakika: vitu vya mbali hugeuka bluu na kupauka. Ni kweli baada ya mvua. Milima ya Ngong, yenye kilele cha mita 2,460, inakuwa samawati upande wa kaskazini-magharibi kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Kiangazi kikikolea, hewa ya Kitengela imejaa vumbi la malori, la machimbo na la ng'ombe, na Ngong inakuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Umbali unakuwa wa joto. Nilichanganya nyeupe na ngeu kwa ajili ya milima hiyo, na bluu nikaiweka karibu, kwenye vivuli chini ya migunga. Mtu aliyesomea Ulaya angesema nimegeuza picha. Asimame pale mwezi wa Septemba saa nne asubuhi.

Upepo ulipopanda nilifunga jiwe chini ya stendi kwa kamba. Vumbi liliganda kwenye anga lililokuwa bichi. Ukipitisha kidole leo bado unalihisi. Sikulitoa, kwa sababu ni udongo wa pale pale na rangi yake ililingana.

Njiani nilipita Kitengela Glass, kando ya korongo la Mbagathi lenye daraja la kuning'inia, mahali ambapo Nani Croze alihamia miaka zaidi ya 40 iliyopita na ambapo vioo chakavu vinageuzwa madirisha, shanga na bilauri. Sitapaeleza sana, panajulikana. Nilisimama mbele ya dirisha moja la rangi nikatazama jinsi mwanga unavyopita ndani ya wekundu badala ya kuishia juu yake. Rangi ya mafuta ikipakwa nyembamba, imechanganywa na mafuta zaidi, inafanya kazi hiyo hiyo: mwanga unapenya, unagonga tabaka la chini, unarudi umebadilika. Anga langu lilipokauka nililipaka tabaka la namna hiyo. Kanuni ni kwamba tabaka lenye mafuta mengi linakuja juu ya lenye mafuta machache; ukigeuza, la juu linakauka kwanza na picha inapasuka miaka michache baadaye.

Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado barabara inanyooka. Isinya ina mabanda makubwa ya plastiki yanayolimwa waridi. Baada ya hapo udongo unabadilika. Ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa matairi masika unakwisha, unaanza mwekundu, na miti inasogeleana. Kajiado yenyewe inakatwa na reli ya Magadi, iliyojengwa miaka ya 1910 kubeba magadi ya ziwani, na pembeni kuna machimbo ya marumaru ambayo mirundo yake myeupe mchana haitazamiki. Nilichora mirundo hiyo haraka, kwenye kibao kidogo. Nyeupe inayowaka haihitaji mengi: ipe kijivu cha joto pande zote na itawaka yenyewe.

Kazi kubwa niliifanya ng'ambo ya mji, kwenye mteremko unaotazama kusini. Mbele yangu palikuwa na nyasi, njia ya ng'ombe iliyochimbika, waya wa miba nyuzi nne, na nyuma ya waya nyasi ndefu zaidi na kilima. Mzee mmoja alipanda polepole akiwa na fimbo na shuka jekundu lililopauka. Nilimwamkia, "Sopa, mzee." Akaitika, kisha akauliza nilichojua atauliza.

"Hapana, mzee wangu. Mimi ni mchoraji."

"Mchoraji wa ramani?"

"Wa picha. Nachora hicho kilima na hizi nyasi."

Alizunguka akasimama nyuma yangu. Muda ukapita. "Waya uko wapi?"

Nilimwambia waya unakuja mwisho, juu ya rangi nyingine zote.

"Sawa. Usiuache nje, kijana wangu. Huo waya uliingia hapa mwaka ambao kijana wangu wa kwanza alitahiriwa. Kabla yake nyumbu walishuka hapa, hapa uliposimama, wakaenda kunywa kule chini. Sisi tulijua mvua inakuja kwa kuwaona hao." Alinyoosha fimbo kufuata njia ambayo mimi niliiona ni mteremko mtupu. "Ule mwaka wa ukame, 2022, ng'ombe wangu walikufia kwa waya. Walikuwa wanaona majani upande ule."

Nilimuuliza ardhi ile ni ya nani sasa. Alisema aliyeinunua haonekani, analipa mlinzi. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba sehemu ya juu aliiuza mwenyewe, karo ya watoto wawili, na kwamba mtu asimwambie hakupaswa kuuza kama hakuwepo siku barua ya shule ilipofika.

Waya wa miba hauchoreki kwa brashi. Ukichukua rangi nyeusi na brashi nyembamba unapata uzi wa cherehani uliolala juu ya picha. Waya wenyewe ni wa kutu, unapotea na kutokea kadiri jua linavyougonga, na mahali pengine ni mwanga mtupu. Niligeuza brashi, nikatumia ncha ya mpini wake kukwangua. Rangi ya nyasi ilikuwa bado mbichi, ikapisha, na ngeu ya chini ikatokea katika mstari mwembamba wenye kingo zilizovimba kidogo. Kutu ilikuwa pale pale tangu mwanzo. Nilikwangua nyuzi nne, nikaruka palipokuwa na mwanga, na miba nikaidonoa kwa ncha ya kisu. Mzee alicheka kwa furaha, akasema, "Sasa hiyo ni ya ukweli." Akakaa chini kwenye jiwe, akaniambia nguzo ya tatu imeinama upande wa kushoto na mimi nimeisimamisha. Niliinamisha.

Kabla ya kurudi nilipitia barabara ya Isinya hadi Kiserian, nikashuka Magadi Road mpaka Olorgesailie. Watu huenda kuona mashoka ya mawe ambayo Louis na Mary Leakey walianza kuyachimba miaka ya 1940. Mimi nilikwenda kwa sababu ya rangi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Smithsonian na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba katika bonde la huko walipata vipande vya mawe ya rangi nyeusi na nyekundu, vya miaka zaidi ya 300,000. Kimoja cha ngeu kilikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa makusudi ili kupata unga. Alichopaka mtu huyo hakijulikani. Labda ngozi yake, labda ya mwanawe. Lakini alisaga, hapa Kajiado, na wazee na morani wa eneo hilo hilo walikuja kuchanganya ngeu na mafuta ya mnyama wakajipaka mwilini na kichwani. Unga wa udongo na mafuta: sanduku langu halina kitu kingine. Tangu siku hiyo nimeacha kuwajibu wanaoniambia kwamba rangi ya mafuta ni mambo ya wazungu.

Kanvasi mbichi inasafiri ikiwa imefungwa uso kwa uso na kanvasi tupu, vipande vya kizibo vikiwa kwenye pembe nne ili zisigusane. Ilifika Nairobi salama. Mteja wa kwanza aliyeiona aliipenda, akaitisha bei, akakubali, kisha akauliza kama ningeweza kuondoa waya, kwa kuwa ukuta wake ni wa sebuleni na alitaka kitu cha kupumzisha macho. Nilimwambia haitawezekana. Chini ya waya hakuna nyasi niliyoificha. Kuna ngeu, na kuifunika ni kuchora picha nyingine. Alinunua kile kibao cha mirundo ya marumaru.

Ile ya waya niliipeleka Kajiado. Binti wa yule mzee ana duka la vyakula karibu na steji, akaitundika juu ya magunia ya maharagwe. Nikipita huko nakuta watu wanabishana mbele yake. Kuna anayeapa kilima kile ni cha upande wa Bisil, kuna anayemtaja mwenye ardhi kwa jina, na mara ya mwisho mama mmoja aliyekuja kununua unga aliniambia bikoni ya mwisho kulia nimeisogeza ndani ya njia ya ng'ombe. Akina mama wawili waliokuwa kwenye foleni wakamkatalia, wakasema ndipo ilipo hasa, ni mwenye ploti aliyeisogeza.